Tana: Mto Unaofurika Chini ya Jua Kali

Mwaka 1961 ulianza kwa njaa. Mvua ilikuwa imekosekana katika sehemu kubwa ya Kenya, ng'ombe walikuwa wamekufa malishoni, na familia nyingi ziliishi kwa mahindi ya msaada. Kisha ikaja Oktoba. Mvua iliyoanza mwezi huo ikaendelea hadi mwisho wa mwaka, na waliokuwa hai hawakukumbuka nyingine ya kuilinganisha nayo. Ziwa Victoria lilianza kupanda, na katika miaka michache likawa limeongezeka kwa zaidi ya mita mbili. Huku mashariki Mto Tana ulivunja kingo zake kuanzia Garissa hadi baharini. Barabara zilikatika, vijiji vikazingirwa, na ndege za kijeshi za Uingereza zikawa zinaangusha magunia ya chakula kwa watu waliokimbilia vilima vidogo vilivyosalia juu ya maji. Wengi wao ndio wale wale ambao miezi michache nyuma walikuwa wakisubiri chakula kwa sababu ya ukame.

Kwa kuwa nchi ilikuwa ikikaribia kujitawala, mafuriko yale yakapata jina la Uhuru, na hadi leo, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Tana River, ndiyo kipimo cha mafuriko mengine yote. Mtu akitaka kukueleza kwamba maji ya mwaka fulani yalikuwa makubwa, atakwambia yalifika au hayakufika pale yalipofika yale ya Uhuru.

Nimeanza na mwaka huo kwa sababu mpangilio wake, kiu kwanza kisha gharika, umejirudia mara nyingi mno kuitwa bahati mbaya. Mapema mwaka 1997 serikali ilikuwa ikihangaika na ukame. Kufikia Novemba mvua za El Niño zilikuwa zimeigeuza Garsen kuwa kisiwa. Ukame wa 2005 ukaingia 2006, na mwisho wa 2006 mto ukafurika. Februari 2017 ukame ulitangazwa kuwa janga la taifa; Aprili na Mei 2018 maelfu ya watu wa Tana River walikuwa kambini wakikimbia maji. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa hafifu, mifugo ikafa kwa mamilioni katika Pembe ya Afrika, kisha Novemba 2023 mto ukajaa, na Aprili 2024 ukajaa tena zaidi. Mafuriko ya 2020 hayakufuata sana kanuni hii, maana vuli ya 2019 ilikuwa imeshanyesha kwa fujo. Hata hivyo, anayetaka kuielewa hatari ya mafuriko katika kaunti hii asianzie kwenye mvua. Aanzie kwenye miaka ya kiu inayotangulia mvua.

Sehemu ya sababu iko baharini. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, huu wetu, unapopata joto kuliko upande wa Indonesia, mawingu hujikusanya juu ya Afrika Mashariki, na vuli huwa kubwa kupita kiasi. Hali hiyo wanasayansi huiita daipoli chanya. Ndiyo iliyotawala 1961, 1997, 2006, 2019 na 2023. Bahari ikigeuka, joto likahamia upande wa pili, mvua hutukimbia: 2016 na 2022 zilikuwa hivyo. Kwa hiyo ukame na gharika ni pande mbili za mwendo mmoja wa bahari, na hakuna haja ya kushangaa vikifuatana.

Sehemu nyingine ya sababu iko kwetu, na hiyo ndiyo inayonikera zaidi, kwa kuwa hiyo tunaweza kuifanyia kazi.

Kwanza msomaji auone mto wenyewe. Tana ndio mrefu kuliko yote nchini, takriban kilomita 1,000, na maji yake hutoka kwenye safu za Nyandarua na Mlima Kenya. Unateremka kupitia nchi ya chai na kahawa, Murang'a, Nyeri, Kirinyaga, Embu, kisha unazunguka kuelekea kaskazini mashariki, unapokea mito ya Meru na Tharaka, na baada ya hapo unaingia nchi kavu. Kuanzia Garissa hadi Kipini kwenye mlango wa bahari, kilomita mia kadhaa za mto, hakuna hata kijito kimoja cha kudumu kinachouongezea maji. Kuna laga tu, mabonde makavu yanayotiririka kwa saa au siku chache mvua ikinyesha, kisha yanarudi kuwa mchanga. Mbali na pwani, mvua ya kaunti ni haba.

Ndiyo maana mafuriko ya Tana humkuta mgeni bila habari. Mji wa Hola unaweza kuwa na jua kali, anga haina hata wingu, na maji yakawa yanapanda. Mvua iliyoyaleta ilinyesha siku nyingi nyuma, mamia ya kilomita mbali, juu ya watu wanaosema lugha nyingine. Maji hayo huchukua siku kadhaa kufika Garissa, na siku nyingine kadhaa kuzifikia Garsen na delta, kwa sababu mto huku ni mlegevu, unajikunja na kujikunjua, na kila ukijaa humwaga sehemu ya maji pembeni. Siku hizo ni zawadi kubwa. Kuna mito isiyompa mtu hata saa sita. Kipimo cha maji cha Garissa kina kumbukumbu tangu miaka ya 1930, na anayekisoma vizuri leo anajua kwa makadirio mazuri nini kitakachoifikia Garsen wiki ijayo.

Halafu kuna umbo la ardhi. Ukisimama kwenye ukingo wa Tana karibu na vijiji vya Hewani au Wema, umesimama mahali pa juu. Hapo ndipo ilipo miembe mikubwa, migomba na nyumba. Upe mto mgongo, utembee kuelekea mashambani, na utaona kwamba unateremka. Mteremko ni mdogo, macho hayauoni, lakini maji yanauona. Baada ya mwendo mfupi unafika kwenye mbuga ya udongo mweusi mzito, uliopasuka wakati wa kiangazi, mahali pa mpunga, na mbele zaidi unakuta ziwa dogo lililopinda, ambalo zamani lilikuwa kona ya mto kabla haujahama. Mto wenyewe ndio ulioujenga ukingo ule wa juu: kila ulipofurika, mchanga mzito ulitua karibu na tope laini likaenda mbali. Kwa maneno mengine, Tana unapita juu ya tuta ulilolijenga wenyewe, na nchi ya pembeni iko chini yake. Maji yakishapita ukingo hayarudi mtoni kwa urahisi. Hubaki mbugani kwa wiki, pengine kwa miezi.

Wapokomo, wakulima wa bonde hili, waliishi na hali hiyo kwa karne nyingi, na mpangilio wao ulikuwa wa akili sana. Kijiji kilikaa juu ya ukingo. Miti ya kudumu ilipandwa karibu nacho. Mahindi na maharagwe yalifuata maji yanaporudi nyuma, mpunga ukawekwa kwenye mbuga zinazokaa na maji, na maziwa yale yaliyopinda yakatoa samaki baada ya kila mafuriko kuwaingiza. Chini kabisa, Ozi na Kau, waliweza kitu ambacho ningependa kila mwanafunzi wa Kenya akifahamu: bahari ikijaa, husukuma maji baridi ya mto kurudi juu, nao walichimba vijifereji vya kuyaelekeza maji hayo baridi kwenye majaruba ya mpunga. Pampu haikuhitajika, mwezi na bahari vilifanya kazi hiyo. Sharti lilikuwa moja tu, mto uwe na nguvu ya kutosha kuizuia chumvi isipande.

Waorma, ambao ni wafugaji, nao walikuwa na kalenda yao. Mvua ikinyesha waliondoka bondeni na ng'ombe wao kuelekea nyanda za juu, ambako nyasi zilichipuka na mbu walikuwa wachache. Mafuriko yakipita na nyanda zikikauka, walirudi kwenye delta kupitia malka, njia zilizokubaliwa za kuwafikisha ng'ombe majini kati ya shamba na shamba. Mafuriko yaliwatenganisha mkulima na mfugaji kwa msimu mmoja, kisha yakawaandalia wote wawili riziki kwa msimu mwingine. Migogoro ilikuwepo, nisiyapambe mambo. Lakini kulikuwa na saa inayojulikana na wote, na saa hiyo ilikuwa mto.

Mto huu pia una tabia ya kuhama, na historia yake ya kuhama ni sehemu ya historia ya hatari. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 watawala wa Witu, usultani mdogo uliojitenga na Zanzibar, walitaka mazao ya bonde la Tana yafike Kau na Kipini kwa mitumbwi bila kuzunguka baharini. Ukachimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na Mto Ozi, ambao ulikuwa mto mdogo wa jirani. Ulikuwa mfereji wa mitumbwi tu. Mafuriko yalipoupata, yakaupanua, na kabla karne haijaisha maji mengi ya Tana yalikuwa yamehamia humo. Mlango mkuu wa mto mrefu kuliko yote Kenya ukawa Kipini, na ule wa zamani, upande wa kusini, ukabaki na maji machache. Vijiji vilivyokuwa kwenye mkondo mmoja vikajikuta pembezoni mwa kinamasi, na vingine vikapata mto mbele ya mlango.

Karne moja baadaye mto ukafanya hivyo tena, na safari hii aliyeumia ni mradi wa serikali. Huko Hola, skimu ya umwagiliaji ilianzishwa mwaka 1953 kwa nguvu za wafungwa wa vita vya Mau Mau. Ni katika kulazimishwa kufanya kazi kwenye skimu hiyo ndipo wafungwa 11 walipopigwa hadi kufa tarehe 3 Machi 1959. Baada ya Uhuru familia zilipewa mashamba hapo, zikalima pamba. Mwaka 1989 mto ukahama, ukaiacha stesheni ya pampu ikitazama mkondo mkavu. Skimu ikafa, ikakaa imekufa kwa miaka mingi kabla ya kufufuliwa. Mabaki ya mikondo ya kale yalikuwa yametapakaa kila upande wa Hola, na wenyeji waliyajua kwa majina. Waliojenga walichagua kuamini kwamba mto utabaki pale ulipochorwa kwenye ramani.

Sasa tupande juu, kwenye mabwawa, kwa sababu ndiyo yaliyobadilisha kila kitu.

Kindaruma lilikamilika 1968. Likafuata Kamburu miaka ya 1970, Gitaru 1978, Masinga 1981, na Kiambere 1988. Masinga ndilo ghala kuu: likijaa hukusanya zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5, na ndilo linalohifadhi maji ya msimu wa mvua yatumike kuzalisha umeme wakati wa kiangazi. Kenya ya mijini iliwashiwa taa na mabwawa haya, na sidharau hilo. Lakini ghala kama hilo hufanya mambo mawili kwa mto ulio chini yake. Hupunguza mafuriko ya kawaida, yale ya kila Mei na Novemba ambayo Wapokomo na Waorma waliyasubiri, na huzuia tope lililokuwa likirutubisha mashamba. Mafuriko makubwa kabisa, hata hivyo, hayalitii. Bwawa lililokwisha kujaa ni ndoo iliyojaa: kila kinachomiminwa juu yake humwagika. Masinga likifika kimo chake cha mwisho, maji hupita yenyewe kwenye njia ya kumwagia, hakuna haja ya mtu kufungua chochote.

Hivyo miaka ya kati ikawa mitulivu kuliko zamani, na miaka mibaya ikabaki mibaya. Hapo ndipo tabia ya binadamu inapoingia. Mtoto aliyezaliwa Garsen mwaka 1962 alikuwa na miaka 35 kabla hajaona maji ya kiwango cha Uhuru, na katika miaka hiyo, hasa baada ya 1981, mto ulimfundisha kwamba mbuga ni mahali salama. Mashamba yakashuka. Nyumba zikafuata mashamba. Kila ukame uliongeza msukumo, maana unyevu wa mwisho uko mbugani, na mfugaji aliyepoteza nusu ya ng'ombe wake hawezi kukaa mbali na maji. Vibanda vya kiangazi vikapata mapaa ya mabati. Maduka yakaja, kisha shule. Hakuna aliyefanya upumbavu. Kila hatua ilikuwa na sababu, na njaa ni sababu nzito. Lakini ukizihesabu hatua hizo pamoja, unaona jinsi hatari ya gharika inavyojengwa katika miaka ambayo hakuna anayeizungumzia.

Kisha ikaja El Niño ya 1997. Mvua iliendelea kuanzia Oktoba hadi mapema 1998, wakati ambapo kwa kawaida nchi huwa kavu. Mradi mkubwa wa mpunga wa delta, uliosimamiwa na TARDA, Mamlaka ya Maendeleo ya Mito ya Tana na Athi, kwa mkopo wa Japani, ulikuwa umezungushiwa tuta refu la kuzuia maji. Mafuriko yalilivunja tuta na kuuharibu mradi kiasi kwamba ulilala kwa zaidi ya miaka 10. Wenyeji walikuwa wamelalamikia matuta yale kwa muda mrefu, kwamba yanafunga malisho na kuyasukuma maji kwa majirani. Tuta halimezi maji. Linayahamishia kwa mwingine.

Na maji yaliposimama, yakaleta kingine. Mbu fulani hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde yanayojaa maji, na mayai hayo yanaweza kukaa kavu kwa miaka, yakingoja. Yakifunikwa na maji huanguliwa, na baadhi yake huanguliwa yakiwa tayari na virusi vya homa ya Bonde la Ufa. Mwisho wa 1997 mbuzi na kondoo walianza kutoa mimba kwa wingi karibu na Garissa, kisha watu wakaanza kutokwa damu. Mamia walikufa kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia. Mwaka 2006 mto ulipojaa tena, ugonjwa ulirudi, ukaua watu zaidi ya 150 nchini, Tana River ikiwamo. Kwa hiyo ramani ya hatari ya mafuriko katika kaunti hii haimaliziki pale maji yanapoishia. Inapaswa kuonyesha pia mabonde ambayo mvua ya wiki sita itayaamsha, na daktari wa mifugo anapaswa kuipata mapema sawa na msimamizi wa kambi.

Miaka iliyofuata ilijaa majadiliano kuhusu nani wa kulaumiwa, na mabishano hayo yapo hadi leo. Chini ya mto utasikia sentensi moja: wamefungua mabwawa. Juu ya mto wanajibu kwamba hakuna kilichofunguliwa, mabwawa yamejaa yenyewe. Nimeyasikiliza maelezo ya pande zote mbili na naona kila upande una kipande cha ukweli, na kila upande umekiacha kipande kingine. Mafuriko makubwa kuliko yote yanayokumbukwa, yale ya 1961, yalitokea wakati hakuna bwawa hata moja la kusingiziwa. Na hata leo, mito ya Mutonga, Kathita, Ura na Thanantu huingia Tana chini ya Kiambere, ambako hakuna lango la kuizuia. Mvua ikimwagika Meru na Tharaka, Garissa itafurika hata kama Masinga lina nafasi. Huo ndio upande wa wahandisi.

Upande wa watu wa chini ni huu. Bwawa linaloendeshwa kwa ajili ya umeme hupenda kuwa limejaa. Msimu mmoja wa mvua kubwa ukilijaza, msimu wa pili hulikuta bila nafasi. Ndivyo ilivyokuwa 2020, baada ya vuli kubwa ya 2019, na ndivyo ilivyokuwa 2024: vuli ya 2023 iliyapandishia maji mabwawa yaliyokuwa yamekaukiwa na ukame, na masika yakayakuta yakiwa na nafasi ndogo. Kwenye kumbukumbu za mwezi Januari hatari ya Aprili ilikuwa tayari inaonekana. Mkulima wa Chara, kule delta, haulizi siku ile maji yanapomfikia mlangoni ni nani aliyegusa lango. Anauliza kwa nini hakuambiwa Januari.

Aprili ile ya 2024 ilionyesha pia kwamba mafuriko ya vijijini hayaui kwa kuzamisha nyumba pekee. Barabara ya Garissa kwenda Nairobi hupita Madogo na Mororo, upande wa Tana River, kwenye nchi ya chini mkabala na mji wa Garissa. Sehemu ya Kona Punda ilikatika Novemba 2023 na ikakatika tena masika. Watu wana wagonjwa Garissa, wana biashara, wana watoto shuleni. Hawawezi kungoja wiki tatu. Wakaanza kuvushwa kwa boti juu ya barabara iliyozama, katika maji yenye mkondo mkali. Jioni ya tarehe 28 Aprili boti moja iliyojaa abiria ikazama. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya liliokoa watu 23. Wengine hawakutoka hai. Chini zaidi, barabara ya Garsen kwenda Lamu ilifunikwa maeneo ya Gamba na Lango la Simba, na Lamu ikabaki bila njia ya nchi kavu. Katika kaunti yenye watu 315,943 kwa sensa ya 2019, waliotawanyika kwenye eneo kubwa kuliko nchi kadhaa za dunia, barabara moja inayokatika ni hospitali isiyofikika na bei ya unga inayopanda siku hiyo hiyo. Mahali pa kukatika panajulikana. Pamekuwa pale pale miaka yote.

Kuna jambo moja ambalo watu wa delta wamelifanya wenyewe bila kungoja mpango. Baada ya mafuriko makubwa, baadhi yao walihamia mahali pa juu kwenye mchanga mwekundu ulio pembeni mwa bonde. Minjila na Tarasaa zimekua kwa namna hiyo, wakati mashamba yamebaki chini, Garsen na Ngao. Mwenye nyumba mbili, moja ya juu na moja ya shambani, hupoteza mazao maji yakija, lakini watoto wake hulala pakavu. Si suluhisho la bei rahisi. Maji ya kunywa yako mbali, na huko juu ndiko wafugaji walikokuwa wakipeleka ng'ombe wakati wa mvua, kwa hiyo kila kijiji kinachopanda kinabana njia ya mtu mwingine. Agosti na Septemba 2012, mapigano ya Wapokomo na Waorma katika delta yaliua zaidi ya watu 100. Yalikuwa na sababu nyingi, siasa ikiwa mojawapo, lakini ardhi na njia za maji zilikuwa katikati yake. Kuwaambia watu wahame bila kukaa na wafugaji na kukubaliana juu ya malka ni kuondoa hatari moja na kuleta nyingine.

Na kuna hasara inayotokana na mafuriko yasiyokuja, ambayo haiandikwi kwenye ripoti za maafa. Misitu ya ukingoni, ambamo wanaishi mbega mwekundu na jamaa yake, tumbili wa aina mbili wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na ambayo sehemu yake ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1976, hujizaa upya kwenye mchanga na tope jipya linaloachwa na maji. Mafuriko ya kawaida yakipungua, miche hupungua. Huko Ozi mto ukidhoofika, bahari hupanda: chumvi imeingia majaruba, mpunga umekauka, na miembe ya babu zao imekufa ikiwa imesimama. Mwaka 2012 delta iliorodheshwa kuwa ardhioevu ya umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Orodha haiwezi kuisukuma chumvi irudi baharini. Kinachoisukuma ni maji ya mto.

Kwa miaka mingi sasa kumekuwa na mpango wa bwawa jingine, High Grand Falls, ambalo lingeweka zaidi ya mara tatu ya maji ya Masinga na kuzuia pia sehemu ya maji ya mito ya Meru na Tharaka ambayo leo haizuiliwi na chochote. Wanaolitetea wanasema litamaliza mafuriko ya Garissa na Tana River. Linaweza kuyapunguza sana, nakubali, na mtu aliyempoteza mtoto Kona Punda ana haki ya kulitaka. Lakini kabla ya tani ya kwanza ya saruji, kanuni za kuliendesha ziandikwe hadharani, na ndani yake kuwe na mambo yanayoweza kupimwa kwenye kipimo cha Garissa: nafasi kiasi gani itaachwa wazi kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, maji kiasi gani yataachiliwa kila Mei ili mbuga zilowe na chumvi ibaki Kipini, na ni nani atakayempigia simu chifu wa Chara, siku ngapi kabla. Wazee wa Ozi na wa malka za Waorma wawe mezani kanuni hizo zinapoandikwa, na ziandikwe katika mwaka wa ukame, wakati ambapo wote wako bondeni na wanaweza kuonyesha kwa kidole maji ya Uhuru yalifika wapi.